Jinsi ya Kuwalinganisha Madereva wa Mbio za Magari kwa Takwimu za Msimu Mzima

Wakati wa kiangazi cha Ulaya, mbio nyingi za langalanga (Formula 1) huanza saa kumi jioni kwa saa za Nairobi, na kabla jua halijatua meza za mjini huwa zimekwisha kugawanyika: huku wako wanaosema dereva wao ndiye bora kwa kuwa ana pointi nyingi, kule wako wanaoshikilia kwamba pointi hizo ni za gari wala si za mtu. Sehemu kubwa ya ubishi huo inaweza kumalizwa kwa hesabu za shule ya upili, mradi mtu ajue namba ipi inalinganishwa na ipi. Kanuni inayosimamia mwongozo huu ni moja: dereva hulinganishwa kwanza na yule anayeendesha gari kama lake, siku ile ile, kwenye barabara ile ile. Ulinganisho mwingine wowote hujengwa juu ya huo, na kila hatua ya kujitenga nao hupunguza uhakika wa jibu.

Hatua ya kwanza haihitaji kompyuta. Andika swali lako kwa sentensi moja, kwa sababu maneno "dereva bora" hubeba maswali kadhaa yasiyokuwa na jibu moja. Kuna anayetaka kujua nani alivuna matokeo makubwa zaidi, kuna anayeuliza nani ana kasi zaidi katika mzunguko mmoja, na kuna anayeuliza nani hutunza magurudumu na kudumisha mwendo kwa muda wa saa moja na nusu. Msimu wa 2023 Fernando Alonso na Charles Leclerc walimaliza kila mmoja akiwa na pointi 206. Leclerc alianza mbio kuu katika nafasi ya kwanza mara 5 na Alonso hakuanza hapo hata mara moja; lakini Alonso alipanda jukwaa la washindi mara 8 na Leclerc mara 6. Asiyeandika swali lake mapema atachagua namba inayompendeza kati ya hizo, kisha atadhani amefanya uchunguzi.

Kukusanya namba

FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, hutoa nyaraka za matokeo na za muda wa kila mzunguko baada ya kila mashindano, nazo zinapatikana bure. Anayejua kidogo lugha ya kompyuta ya Python anaweza kutumia FastF1, programu inayoleta muda wa mizunguko kuanzia msimu wa 2018, au hifadhi ya data ya Jolpica, iliyochukua nafasi ya ile ya Ergast na ambayo ina matokeo tangu ubingwa ulipoanza mwaka 1950. Asiyeijua Python asivunjike moyo, kwa kuwa msimu wa mashindano 24 yenye madereva 20 ni mistari 480 tu katika jedwali la Excel, na faili ya ukubwa huo haitakula bando la mtu.

Kila mstari uwe wa dereva mmoja katika mashindano mamoja. Weka safu ya jina la mashindano, dereva, timu, muda bora katika kila sehemu ya mchujo (mizunguko ya kasi inayopanga nafasi za kuanzia), nafasi aliyoipata katika mchujo, nafasi aliyoanzia, nafasi aliyomalizia, pointi, hali ya hewa, na sababu ya kutomaliza iwapo hakumaliza. Nafasi ya mchujo na nafasi ya kuanzia ni vitu viwili, kwa sababu adhabu ya kubadilisha injini inaweza kumrudisha nyuma dereva aliyekuwa mwepesi kuliko wote, na ukiziweka katika safu moja utamhukumu kwa kosa la mafundi. Chunga pia tahajia ya majina: kompyuta huona Pérez mwenye alama juu ya herufi na Perez asiye nayo kuwa watu wawili, na msimu wa mtu mmoja hugawanyika bila wewe kutambua.

Pointi zinasema nini

Pointi si za kudharauliwa, kwani ndizo ambazo madereva wenyewe wanazipigania, lakini hazilinganishiki kati ya miaka bila kurekebishwa. Mwaka 2002 mshindi wa mbio alipewa pointi 10. Tangu 2010 anapewa 25. Kati ya 2019 na 2024 palikuwa na pointi moja ya ziada kwa mzunguko wa kasi zaidi, na tangu 2021 kuna mbio fupi za Jumamosi zenye pointi zake. Dawa yake ni kugawanya pointi za dereva kwa pointi zote ambazo mtu mmoja angeweza kuzipata msimu huo. Max Verstappen alipata 575 mwaka 2023. Mashindano 22 yenye pointi 26 kila moja, pamoja na mbio fupi 6 zenye pointi 8, hufanya jumla ya 620, kwa hiyo alichukua karibu asilimia 93. Mwaka 2024 alikuwa bingwa tena kwa pointi 437 kati ya 672, yaani asilimia 65. Michael Schumacher wa 2002, aliyepanda jukwaani katika mashindano yote 17, alikuwa na pointi 144 kati ya 170, ambazo ni karibu asilimia 85. Anayetazama namba ghafi ataona kwamba 144 ni theluthi ya 437. Anayetazama asilimia ataona kwamba msimu wa Schumacher ulikuwa na nguvu kuliko ule wa Verstappen wa 2024.

Jambo la pili ni kwamba sheria ya kuhesabu ni sehemu ya matokeo. Mwaka 1988 Alain Prost alikusanya pointi 105 na Ayrton Senna 94, wote wakiwa katika magari ya McLaren, lakini sheria ya wakati huo ilihesabu matokeo bora 11 tu kati ya mashindano 16, na kwa hesabu hiyo Senna alibaki na 90 na Prost 87. Ubingwa ulikwenda kwa Senna, aliyekuwa ameshinda mbio 8 dhidi ya 7 za Prost. Sioni kwamba Prost alidhulumiwa, kwa sababu wote wawili waliijua sheria kabla ya mbio za kwanza na waliendesha kwa kuifuata. Ndiyo maana pia si halali kuchukua pointi za mwaka wa zamani, kuzihesabu upya kwa sheria za leo, kisha kutangaza bingwa mpya.

Kumlinganisha dereva na mwenzake wa timu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo panapostahili muda wako mwingi. Timu moja huwa na magari mawili yanayokaribiana sana, kwa hiyo tofauti kati ya madereva wake wawili imechujwa sehemu kubwa ya mchango wa gari. Anzia kwenye mchujo wa Jumamosi, ambapo hakuna msongamano mkubwa wala mafuta mengi ndani ya tangi, na kila mmoja anatafuta mzunguko mmoja wa kasi kadiri awezavyo.

Mchujo una sehemu tatu, na lami hupata mshiko zaidi kadiri magurudumu yanavyoacha mpira juu yake. Kwa hiyo usichukue muda wa mmoja kutoka sehemu ya tatu na wa mwenzake aliyetolewa katika sehemu ya kwanza. Chukua sehemu ya mwisho ambayo wote wawili walishiriki, ulinganishe muda wao bora wa hapo. Kisha geuza tofauti iwe asilimia badala ya sekunde. Sehemu mbili za kumi ya sekunde katika mzunguko wa takriban sekunde 65, kama ule wa Austria, ni asilimia 0.31, sehemu hizo hizo mbili katika mzunguko wa takriban sekunde 105 wa Spa-Francorchamps, wenye urefu wa kilomita 7, ni asilimia 0.19. Ukijumlisha sekunde bila kuzigeuza, viwanja virefu vitakuwa na sauti kubwa kuliko vifupi katika jibu lako, bila sababu yoyote ya haki.

Baada ya kupata tofauti za msimu mzima, usikimbilie wastani. Tuseme, kwa mfano tu, dereva mmoja amemshinda mwenzake kwa asilimia 0.10, 0.15, 0.20 na 0.25 katika mashindano manne, na katika la tano mvua ikanyesha mwenzake akiwa bado hajaweka muda mzuri, tofauti ikawa 2.30. Wastani wa tofauti hizo ni 0.60, namba ambayo haifanani na Jumamosi hata moja kati ya zile tano. Zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, uchukue iliyo katikati, utapata 0.20, ambayo inaeleza vizuri kile kilichokuwa kikitokea. Excel ina fomula ya MEDIAN inayofanya kazi hiyo mara moja. Mimi hutoa namba zote mbili, kwa kuwa pengo kubwa kati ya wastani na namba ya katikati ni ishara kwamba kuna siku moja au mbili za ajabu zinazostahili kusomwa peke yake.

Hesabu pia idadi ya mara ambazo kila mmoja alikuwa mbele, kisha jiulize kama idadi hiyo ingeweza kuletwa na bahati. Chukulia madereva wawili wenye uwezo sawa kabisa, na kila Jumamosi irushwe shilingi hewani kuamua nani atakuwa mbele. Katika mashindano 24, tofauti ya 15 kwa 9 au kubwa kuliko hiyo, kwa upande wowote, ingejitokeza karibu misimu 31 kati ya 100. Kwa hiyo anayepiga meza na kusema "kumi na tano kwa tisa, mazungumzo yameisha" hajathibitisha mengi. Tofauti ya 18 kwa 6 au zaidi hutokea kwa bahati katika misimu 2 hivi kati ya 100, na ya 19 kwa 5 katika chini ya mmoja. Hata hapo kumbuka kwamba timu ziko nyingi, na ukikagua jozi zote za madereva kila mwaka, siku moja bahati itakuletea jozi inayoonekana kuwa na pengo kubwa lisilokuwepo.

George Russell na Lewis Hamilton ni mfano mzuri wa jinsi namba mbalimbali zinavyozungumza kwa sauti tofauti. Msimu wa 2024 Russell alikuwa mbele katika mchujo wa mbio kuu mara 19 na Hamilton mara 5, jambo ambalo ni vigumu kuliita bahati. Kwa pointi, Russell alimaliza na 245 na Hamilton na 223, na kila mmoja alishinda mbio mbili. Lakini mojawapo ya ushindi wa Hamilton ulipatikana Ubelgiji baada ya Russell, aliyevuka mstari wa kwanza, kuondolewa kwa sababu gari lake lilikuwa na upungufu wa kilo 1.5 chini ya uzito unaotakiwa. Kama gari lingetimiza uzito na matokeo yakabaki yale yale, Russell angekuwa na 270 na Hamilton 216, na pengo la 22 lingekuwa 54. Jumlisha sasa misimu yote mitatu waliyokuwa pamoja Mercedes, kuanzia 2022: Hamilton ana pointi 697 na Russell 695. Mtu aliyechagua mwaka 2022 atakuambia Russell ni bora, wa 2023 atakuambia Hamilton, na wa misimu mitatu atakuambia hawatofautiani. Wote wamesoma jedwali kwa usahihi. Msimu mmoja ni sampuli ndogo kuliko watu wengi wanavyokubali.

Ili kuonyesha ukubwa wa shaka hiyo kwa namba, tumia njia ya kuchagua upya. Andika tofauti zako 24 za mchujo kwenye vikaratasi, uvitie ndani ya kikapu, uchomoe kimoja, uandike namba yake na ukirudishe, hadi umechomoa mara 24. Kisha tafuta namba ya katikati. Rudia mara 1,000, jambo ambalo Excel itakufanyia kwa dakika chache. Panga majibu hayo 1,000 kuanzia dogo hadi kubwa, utupe 25 ya chini na 25 ya juu. Yaliyobaki ndiyo upana wa jibu lako, na iwapo sifuri imo ndani ya upana huo, andika kwamba data ya msimu haitoshi kuwatenganisha madereva hao wawili.

Mwendo wa siku ya mbio

Siku ya Jumapili data huongezeka sana, lakini huja imechanganyika na mambo mengi yasiyomhusu dereva. Ondoa mzunguko wa kwanza, mizunguko ya kuingia na kutoka kubadilisha magurudumu, na yote iliyoendeshwa nyuma ya gari la usalama, lile linalotangulia na kupunguza mwendo wa wote panapotokea hatari. Ondoa pia ile ambayo dereva alikuwa chini ya sekunde mbili nyuma ya gari jingine, kwa sababu hewa iliyovurugwa na gari la mbele hupunguza mshiko, na mwendo anaouonyesha hapo si wake bali ni wa aliye mbele yake. Utasikitika kuona mizunguko mingi ikifutwa. Hata hivyo mizunguko 25 safi ina thamani kuliko 60 michafu.

Mafuta nayo huhitaji kurekebishwa. Kiwango cha juu kilichoruhusiwa kwa mbio kati ya 2019 na 2025 kilikuwa kilo 110, na kanuni inayotumiwa sana ni kwamba kila kilo 10 hugharimu takriban sehemu 3 za kumi ya sekunde kwa mzunguko, ingawa kiasi hicho hubadilika kulingana na uwanja. Ndiyo maana mizunguko ya mwisho huonekana ya kasi hata kama dereva hajaongeza lolote. Kwa wenzi wa timu moja njia rahisi ni kulinganisha mizunguko yenye namba sawa, wakiwa na aina moja ya magurudumu yaliyotumika kwa umri unaokaribiana, maana hapo uzito wa mafuta huwa karibu sawa na hujifuta wenyewe. Ukipata mizunguko ya namna hiyo, chora muda wa kila mmoja dhidi ya umri wa magurudumu: mstari unaopanda polepole ni wa dereva anayetunza magurudumu yake, na mara nyingi tofauti ya mteremko huo hueleza matokeo ya Jumapili kuliko tofauti ya kasi ya Jumamosi.

Amri za timu hazionekani katika namba hizi. Huko Sochi mwaka 2018 Valtteri Bottas aliagizwa ampishe Hamilton, na ushindi uliokuwa mikononi mwake ukahamia kwa mwenzake. Jedwali la pointi linaandika 25 kwa mmoja na 18 kwa mwingine kana kwamba walishindana. Weka safu ya maelezo kwa matukio ya aina hiyo, na uyataje unapotoa jibu.

Wasiomaliza

Gawa matukio ya kutomaliza katika makundi matatu: gari kuharibika, kosa la dereva mwenyewe, na kugongwa na mwingine. La kwanza na la tatu lisihesabiwe dhidi ya dereva unapopima uwezo wake; la pili lihesabiwe kwa ukamilifu. Mwaka 2016 Nico Rosberg alikuwa bingwa kwa pointi 385 dhidi ya 380 za Hamilton. Katika mashindano ya Malaysia injini ya Hamilton ilishika moto akiwa anaongoza, na Rosberg akamaliza wa tatu. Kama injini ingedumu hadi mwisho na wengine wakabaki katika mpangilio wao, Hamilton angeongeza 25 na Rosberg angeshuka kutoka 15 hadi 12, hivyo hesabu ingekuwa 405 kwa 382. Hayo ni makadirio, na yana mwisho wake: ukianza kurekebisha tukio moja ni lazima urekebishe yote ya aina hiyo kwa madereva wote, pamoja na siku ambazo dereva wako mpendwa alinufaika na balaa la mwenzake.

Kuamua nani alimgonga nani ndipo ushabiki unapoingia kwa mlango wa nyuma. Ninapendekeza orodha ya matukio igawanywe kwa watu wawili wanaoshabikia madereva tofauti, kila mmoja aweke alama peke yake, kisha mlinganishe. Tukio ambalo hamkukubaliana liwekwe nusu kwa nusu, au liachwe kabisa.

Kuvuka kutoka timu moja hadi nyingine

Ili kuwalinganisha madereva ambao hawajawahi kuwa pamoja, watu hutumia daraja: A alimshinda B, B alimshinda C, basi A ni bora kuliko C. Carlos Sainz ni daraja linalopendwa, kwa kuwa amekuwa katika timu moja na Verstappen, Hülkenberg, Norris, Leclerc na Albon. Lakini tazama mtego wake. Mwaka 2019, walipokuwa timu moja, Sainz alipata pointi 96 na Lando Norris 49. Mwaka 2020 walikuwa 105 kwa 97. Mwaka 2021 Sainz, akiwa Ferrari, alimpita Leclerc kwa 164.5 dhidi ya 159, lakini mwaka 2024 Leclerc alikuwa na 356 na Sainz 290, katika msimu ambao Sainz alikosa mashindano ya Saudi Arabia kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Ukimpima Norris wa 2024, aliyemaliza wa pili duniani, kwa kipimo cha 2019 alipokuwa katika msimu wake wa kwanza, umempima mtu ambaye hayupo tena. Daraja litumike kwa miaka inayokaribiana, msimu wa kwanza wa dereva katika timu mpya upewe uzito mdogo, na kila nguzo iongezewe shaka yake: kama ulinganisho wa jozi moja una upana wa asilimia 0.1, ule unaopita katika jozi tatu hauwezi kuwa na upana huo huo. Binafsi sivuki zaidi ya nguzo mbili.

Mbio za Safari na mashindano ya barabarani

Msomaji wa Nairobi huenda anajali zaidi magari yanayopita Naivasha kuliko yale ya Monaco, na kwa bahati nzuri mashindano ya barabarani, yaani rali, yana data nzuri zaidi kwa kazi hii. Kila mkondo, yaani kipande cha barabara kinachopimwa muda peke yake, una muda wake, dereva hayuko nyuma ya mwingine kwa kawaida, na mashindano mamoja hutoa karibu mikondo 20 badala ya tokeo moja. Kipimo kinachofaa ni sekunde kwa kilomita: chukua tofauti kati ya dereva na mwenzake mwenye gari la aina moja, uigawanye kwa urefu wa mkondo. Mkondo wa Kasarani wa mwaka 2025, uliokuwa chini ya kilomita 5, hauwezi kuwekwa kwenye mizani moja na mkondo mrefu wa Naivasha bila hatua hiyo. Katika mashindano ya kitaifa ya Kenya, ambako magari ya madaraja mbalimbali hukimbia siku moja, ulinganisho ubaki ndani ya daraja moja la magari.

Jambo la kurekebisha hapa ni mpangilio wa kuanza. Siku ya kwanza anayeongoza msimamo wa dunia hutangulia barabarani, na kwenye changarawe kavu hufagia kokoto na vumbi kwa ajili ya wanaomfuata, huku yeye akikosa mshiko. Elfyn Evans alikuja Kenya Machi 2025 akiwa kinara, kwa hiyo ndiye aliyetangulia siku ya Ijumaa, na bado akashinda. Muda wake wa siku hiyo una uzito kuliko unavyoonekana kwenye karatasi. Mvua hugeuza hesabu yote, kwa kuwa ikinyesha katikati ya mkondo, aliyetangulia hupita pakavu na wa nyuma hukuta tope. Andika namba ya kila dereva katika mpangilio wa kuanza, na ulinganishe hasa wale waliofuatana.

Msimu huo wa 2025 unaonyesha pia kwa nini safu ya idadi ya mashindano haiwezi kukosekana. Sébastien Ogier alikuwa bingwa kwa pointi 293 dhidi ya 289 za Evans, akiwa ameshiriki mashindano 11 kati ya 14 na kuyakosa ya Kenya. Hiyo ni takriban pointi 26.6 kwa kila shindano, na ya Evans ni 20.6. Kabla ya kumpa Ogier sifa yote ya pengo hilo la pointi 6, zingatia kwamba anayekosa mashindano hushuka katika msimamo, huanza nyuma siku ya Ijumaa inayofuata, na hukuta barabara imekwisha kufagiliwa. Ulinganisho ulio safi ni ule wa mashindano 11 waliyokutana, mkondo kwa mkondo, baada ya kuondoa mikondo iliyosimamishwa katikati na ambayo wasimamizi waliwapa baadhi ya madereva muda wa kukadiriwa. Mikondo hiyo huonekana kwenye karatasi kama mingine yote, kwa hiyo pitia matangazo ya wasimamizi ya kila siku na uifute kwenye jedwali kabla hujaanza kugawanya.